Koti Juu ya Kanzu: Historia ya Ukaaji wa Mavazi Rasmi ya Wanaume katika Mwambao wa Kusini wa Kenya

Kiswahili hakina neno moja la kueleza jinsi nguo inavyopatana na mwili wa mvaaji. Kina vitenzi kadhaa, na kila kimoja kina kazi yake. Nguo iliyoufikia mwili wote bila ya kupungua husemwa kwamba imemwenea mtu. Iliyotulia mabegani na mgongoni pasipo kuvutika imemkaa. Inayompendeza imemchukua, hata kama hakushonewa yeye. Inayomsonga inambana, na iliyo kubwa kuliko kiwiliwili chake inampwaya. Vitenzi hivi vitano hutumika katika mazungumzo ya kila siku, na aghalabu vimeelezwa kwa ufupi tu katika kamusi, kana kwamba ni visawe. Lakini msikilizaji akitega sikio ataona kwamba havigawanywi sawasawa baina ya nguo na nguo. Kanzu huenea na huchukua. Ni nadra kusikia kwamba kanzu inampwaya mtu, maana upana ndio sifa yake. Kupwaya na kubana ni aibu za koti na suruali. Kwa hiyo historia ya ukaaji wa nguo za heshima katika mwambao ni historia ya miaka mia moja na zaidi ambamo vazi la kuning'inia na vazi la kufuata umbo la mwili yalikutana, yakashindana, na mwishowe yakavaliwa pamoja.

Mahali pazuri pa kuitazamia historia hiyo ni ncha ya kusini ya Wilaya ya zamani ya Kwale, kwenye vijiji vya Jego, Vanga na Jimbo, karibu na mto Umba. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliuanzishia mpaka wao kwenye mlango wa mto huo, na tangu hapo watu wa Jego wamekuwa wakazi wa mpakani. Tanga iko karibu nao kuliko Mombasa. Lahaja yao, Kivumba, ilielezwa na H. E. Lambert katika kijitabu cha mwaka 1957, na jirani zao wa Kichifundi wakapata chao mwaka uliofuata. Hayo yanajulikana kwa wanaisimu. Lisilozingatiwa sana ni kwamba eneo hili lililo mbali na miji mikubwa lilikuwa na kumbukumbu ndefu ya mavazi ya cheo. Madiwani wa Vumba, ambao habari zao zilichapishwa na A. C. Hollis mwaka 1900, walikuwa na alama zao za enzi, siwa ikiwa mbele ya zote. Na katika miji mingi ya mwambao wa zamani, suala la nani avae viatu, nani afunge kilemba na nani ajifunike mwavuli halikuwa suala la urembo. Lilikuwa sheria.

Kabla ya kuliendea koti yafaa kanzu ichunguzwe jinsi inavyoshonwa, kwani mengi yaliyofuata yametokana na mkato wake. Kanzu ya asili hukatwa kwa vipande vilivyonyooka. Badani ni kipande cha mbele na cha nyuma, na jina lake ni la Kiarabu lenye maana ya kiwiliwili. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipa nguo upana kwa chini. Kikwapa ni kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono ili mvaaji aweze kuinua mkono bila ya kuchana mshono. Shingoni mna kaba, mbele penye mwanya mna lisani, na kwenye miisho mna sijafu. Katika orodha hii yote hakuna hata kipande kimoja kilichowekwa kwa ajili ya kuonyesha kiuno. Fundi wa kanzu hupima urefu, upana wa mabega na mkono, kisha nguo huachwa ianguke yenyewe. Ubora wake hupimwa kwa weupe, kwa darizi ya shingoni na kwa kitambaa. Bafta na melmeli vilikuwa majina ya heshima. Hudhurungi ilikuwa kitambaa cha pamba cha rangi ya kahawia kilichoshonewa kanzu, na leo wengi wanaotaja rangi ya hudhurungi hawakumbuki kwamba wanataja jora.

Chini ya kanzu, kwa daraja, palikuwa na nguo zisizoshonwa: shuka, kikoi, na vipande vya merikani na kaniki. Merikani ilipata jina lake kutokana na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliojaa Unguja katika miaka ya 1830, baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na serikali ya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) viliipunguza sana biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Lakini jina lilibaki. Mtumwa alivaa vipande hivyo. Kanzu na kofia vilikuwa vya muungwana. Ndiyo maana hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, jambo moja lililoonekana upesi barabarani lilikuwa wingi wa kanzu. Waliokatazwa vazi hilo walilivaa. Ikumbukwe basi kwamba kanzu, ambayo wageni wengi waliidhania kuwa ni vazi la tangu na tangu la watu wote wa mwambao, kwa wengi ilikuwa vazi lililopatikana ndani ya kumbukumbu za babu zao, tena kwa thamani kubwa.

Mkubwa alijitofautisha kwa kuongeza nguo juu ya kanzu. Joho lilichukua jina la kitambaa chake, yaani sufi nzito iitwayo kwa Kiarabu jukh. Bushuti, kizibao na dagla vilikuwa na nafasi zao. Liwali wa mwambao aliyekuwa akihukumu kwa jina la Sultani wa Unguja, na baada ya mwaka 1895 akifanya hivyo chini ya uangalizi wa Waingereza, alijulikana kwa joho, kilemba na jambia. Nguo ya juu iliyo wazi mbele, isiyofungwa vifungo, ikining'inia kutoka mabegani hadi chini: hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya madaraka. Koti la Kizungu lilipofika halikukuta nafasi tupu. Lilikuta mahali palipoandaliwa na joho na kizibao, na likakaa papo hapo, juu ya kanzu.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na kituo Shimoni, mwendo mfupi kwa bahari kutoka Vanga. Nguo za maofisa wake, na za serikali iliyofuata, zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kaki, jina lililotokana na neno la Kiajemi na Kihindustani lenye maana ya vumbi. Ya pili ilikuwa suti. Kaki iliwafikia wanavijiji kwanza, tena kwa vita. Mwezi Januari 1915 palipiganwa vita vikali Jasini, ng'ambo kidogo ya mpaka, na mwambao huu wote ukajikuta katikati ya majeshi. Askari na wapagazi walirudi, wale waliorudi, wakiwa na kaptura, fulana na kabuti. Maneno hayo yameota mizizi hata hayana harufu ya ugeni tena. Lakini kaki ilibaki kuwa vazi la amri na la kazi. Haikuwa vazi la kuendea msikitini wala la kuketi nalo katika baraza ya wazee.

Suti ilikuwa na njia nyingine. Ilikuja na karani, na mwalimu wa misheni, na kijana aliyesoma Mombasa. Kwa kuwa shule nyingi za mwanzo zilikuwa za misheni, suruali na koti vilianza kuhesabiwa kuwa alama za dini pamoja na elimu, na hapo ndipo mashaka ya Waislamu wa mwambao yalipozuka. Mjadala haukuwa wa mwambao peke yake. Mwaka 1903 Sheikh Muhammad Abduh wa Misri aliulizwa na Waislamu wa Transvaal, pamoja na mambo mengine, kuhusu uvaaji wa kofia za Kizungu, akajibu kwamba hapana ubaya iwapo mvaaji hakukusudia kuiacha dini yake. Mwaka 1925 Uturuki ya Mustafa Kemal ilikwenda mbali zaidi ikaipiga marufuku tarbushi yenyewe. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea Waislamu waliowaiga Wazungu katika mambo ya nje huku wakiacha elimu na bidii zao. Lawama yake haikuwa juu ya kitambaa. Ilikuwa juu ya mtu anayebadili nguo akadhani amebadilika.

Suluhisho la watu wa kawaida lilikuwa la busara, nalo halikuandikwa na mwanazuoni yeyote: walichukua koti wakaiacha suruali. Koti juu ya kanzu, na kofia ya viua kichwani, likawa vazi rasmi la mwanamume wa mwambao, kutoka Lamu hadi Unguja na Dar es Salaam. Na hata Buganda, ambako kanzu ilifika kwa njia ya biashara ya mwambao, vazi hilo hilo likawa la heshima. Bwana harusi wa Jego hulivaa, na mzee anayekwenda kuposa kwa niaba ya mwanawe hulivaa. Wanaoliita vazi hili mchanganyiko usio na mpango hawajaliangalia kwa jicho la fundi.

Maana koti la juu ya kanzu lina masharti yake ya ukaaji, na masharti hayo hayafanani na ya koti la suti. Tundu la mkono la koti la Kizungu hukatwa kwa kufuata mkono wa shati, ulio mwembamba. Mkono wa kanzu ni mpana na una kikwapa. Ukiingizwa katika tundu finyu hujikunja kwapani ukawa kifundo. Kiuno cha koti la suti hubanwa ili kipatane na kiuno cha suruali. Juu ya kanzu hakuna kiuno cha kupatana nacho, na koti lililobanwa huikusanya kanzu ikafanya mikunjo mbele na kutuna nyuma. Mpasuo wa nyuma, ambao kwa mpanda farasi wa Kiingereza ulikuwa na kazi ya kugawanya mapindo juu ya tandiko, kwa mvaa kanzu hufunguka pasipo haja. Na vifungo havifungwi: koti huachwa wazi mbele ili lisani na shada la kanzu vionekane, kama vile joho lilivyoachwa wazi. Kwa hiyo koti linalofaa ni lile lenye mabega mapana, kwapa la chini na mgongo ulionyooka. Koti ambalo Mzungu wa London angelisema linampwaya mvaaji, juu ya kanzu limemkaa.

Jambo hili linaeleza kwa nini mabadiliko ya mitindo ya suti duniani hayakupokewa mwambao kwa kipimo kilekile. Katika miaka ya 1930 fundi Frederick Scholte wa London, aliyemshonea Mwana wa Mfalme wa Uingereza, Edward, alieneza koti lenye kitambaa cha ziada kifuani na mabegani, lililoanguka kwa mikunjo laini, likiambatana na suruali pana. Edward huyo alifika Kenya mwaka 1928 na tena mwaka 1930 kwa ajili ya uwindaji. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vilibana nguo kwa maana halisi. Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi Juni 1941, na ikakataza hata pindo la kugeuzwa chini ya suruali. Marekani ikaweka masharti ya kitambaa mwaka 1942. Vijana wenye asili ya Meksiko waliovaa makoti marefu na suruali pana mno mjini Los Angeles walipigwa na kuvuliwa nguo na mabaharia Juni 1943, kwa kuwa upana wa nguo yao ulihesabiwa kuwa ubadhirifu wakati wa vita. Tukio hilo laonyesha kwamba upana wa suruali uliweza kusomwa kama tamko la siasa muda mrefu kabla ya serikali za Afrika kufikiri hivyo.

Mafundi wa Mombasa, wengi wao wakiwa na asili ya Kihindi, walishona suti hizo pana kwa makarani na walimu katika miaka ya 1940 na 1950. Picha za mikutano ya katiba ya Lancaster House, ya mwaka 1960, 1962 na 1963, zaonyesha viongozi wa Kenya wakiwa katika suti za wakati wao: mabega yamepungua, ukosi umekuwa mwembamba, na suruali zimenyooka. Ronald Ngala, mwana wa mwambao aliyeongoza KADU, na Tom Mboya wa KANU walipingana katika mambo mengi, lakini si katika mkato wa koti. Wakati huohuo hatima ya ukanda wa maili kumi, uliokuwa bado wa Sultani kwa jina, ilikuwa ikiamuliwa, hadi yakapatikana maafikiano ya Oktoba 1963 ya kuuunganisha na Kenya. Uwakilishi wa Sultani ulitoweka pamoja na vazi lake. Baada ya hapo aliyeingia katika ofisi ya serikali Kwale alikutana na mtu wa suti au wa shati na tai; joho lilibaki kwa kadhi.

Uhuru ulileta swali la vazi la taifa, na majibu yalitofautiana pande mbili za mto Umba. Kenya ilibaki na suti. Jomo Kenyatta aliivaa pamoja na kofia ya shanga na usinga, yaani alama za Kiafrika ziliongezwa kwenye suti bila ya kuigusa. Tanzania iliigusa. Mwalimu Nyerere, hasa katika miaka iliyofuata ziara yake ya China ya Februari 1965 na ziara ya Chou En-lai nchini Tanzania mwezi Juni mwaka huo, alipendelea vazi lisilo na tai, lenye ukosi mfupi. Kenneth Kaunda wa Zambia akalipa jina lake koti la mikono mifupi lenye mifuko, linalovaliwa na suruali ya kitambaa hichohicho. Kaunda suti ilifaa joto la mwambao, haikuhitaji shati, na mkato wake ulinyooka. Kwa ukaaji iko katikati ya koti na kanzu: huning'inia kutoka mabegani, lakini huishia nyongani. Walimu wa shule za msingi wa pande zote mbili za mpaka waliivaa sana.

Katika Tanzania ukaaji wa nguo ulifanywa kuwa suala la chama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya nguo fupi za wanawake, nywele za bandia, dawa za kujichubua, na suruali za kubana. Neno kubana likawa neno la kulaumu. Haikupita miaka mingi lawama ikageuka kichwa chini miguu juu: suruali iliyopanuka chini, bugaluu, ndiyo iliyoonekana kuwa uhuni, na Malawi ya Kamuzu Banda ikaikataza. Mtafiti wa lugha atapata hapa mfano mzuri wa jinsi maana ya maadili inavyoweza kupachikwa kwenye kitenzi cha kawaida kisha ikahamishwa. Suruali ileile iliyokuwa adabu mwaka 1969 kwa kuwa haikubana, mwaka 1973 ilikuwa utovu wa adabu kwa kuwa ilipanuka. Kanzu haikuingizwa katika shutuma zozote za aina hii.

Mitindo hii yote ilitegemea jambo moja ambalo baadaye lilibadilika: nguo ilishonwa kwa kipimo cha mvaaji. Viwanda vya Kenya vya miaka ya 1960 na 1970, kama KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, vilitoa vitambaa. Dukani palikuwa na terilini na gabadini. Na fundi alipima, akakata, akapiga bandi, akamjaribisha mteja, kisha akashona. Suti ilikuwa mali. Ilishonwa mara moja au mbili katika maisha ya mtu, na fundi mwenye akili aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono ili koti lipanuliwe mvaaji anenepapo. Neno bitana, la Kiarabu, lilihamia bila taabu kutoka katika joho hadi katika koti. Maneno ya Kiingereza yaliingia pale tu ambapo sehemu yenyewe haikuwa na mfano wake.

Kulegezwa kwa masharti ya biashara mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulileta mitumba kwa wingi. Neno hili lina historia ya kushangaza. Mtumba, katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa, ulikuwa mzigo uliofungwa wa kubebwa na mpagazi, na mara nyingi mzigo huo ulikuwa wa nguo: merikani na kaniki zikielekea bara. Baada ya karne moja neno limerudi na nguo zilezile za ng'ambo, isipokuwa zimekwisha kuvaliwa. Mpagazi ametoweka, marobota hushuka bandarini Kilindini, na soko la Kongowea limekuwa mlango wake kwa mwambao.

Mitumba ilibadili kabisa uhusiano wa fundi na koti. Zamani fundi alianza na mwili akaishia na nguo. Sasa huanza na nguo iliyoshonewa mwili wa mtu asiyemjua, wa Ulaya au Marekani, na kazi yake ni kuipunguza. Mikono hufupishwa, mishono ya ubavuni huingizwa ndani, pindo la suruali hukatwa. Mabega hayapunguziki kwa urahisi, kwani ndiyo mhimili wa koti zima. Ndiyo maana mabega ndiyo yanayofichua asili ya suti. Zaidi ya hayo, suti huletwa mnadani baada ya kuachwa na mwenyewe. Koti laini lenye mabega makubwa la miaka ya 1980, ambalo Giorgio Armani wa Italia alilipa umaarufu, hasa baada ya sinema ya American Gigolo ya mwaka 1980, ni koti la aina iliyokuwa ikitupwa na watu wa nchi hizo katika miaka ya 1990. Mitindo kwa hiyo haikufika kwa magazeti wala kwa madirisha ya maduka. Ilifika kwa robota, ikiwa imechelewa kwa muda ambao nguo hukaa kabatini mwa mwenyewe wa kwanza.

Kwa mwenye kutaka suti ya ofisi, kuchelewa huku kulikuwa hasara. Kwa mvaa kanzu kulikuwa neema. Koti la mabega mapana na kwapa la chini lilikuwa ndilo hasa alilolihitaji, tena mitumba huliuza koti pasipo suruali yake. Koti la suti, kama linavyoitwa, likapatikana kwa bei ambayo mvuvi aliweza kuimudu, na vazi la bwana harusi, la posa na la Idi likawa la watu wengi zaidi kuliko zamani. Katika mijadala juu ya madhara ya mitumba kwa viwanda, ambayo ni ya haki, upande huu haukutajwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua; Kenya ikarudi nyuma mwaka 2017 kwa kuhofia soko la Marekani; na katazo la muda la mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, liliondolewa mwezi Agosti mwaka huohuo.

Upande mwingine wa habari hii uko kaskazini kidogo, Diani. Katika nyumba za Wazungu wa Kenya ya kikoloni, na katika mahoteli, kanzu nyeupe yenye mshipi mwekundu kiunoni, pamoja na kofia au tarbushi, ilikuwa sare ya mtumishi wa mezani. Mshipi huo haukuwa pambo tu. Uliipa kanzu kiuno ambacho mkato wake unakikataa, ukaigeuza nguo ya kuning'inia kuwa nguo iliyofungwa tayari kwa kazi. Mtu yule yule, kwa kitambaa kile kile, aliweza kuwa mwungwana Ijumaa mchana na mtumishi Ijumaa usiku, na tofauti ilikuwa utepe wa kitambaa chekundu. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa uzito wa ukaaji wa nguo. Vizazi viwili baada ya kanzu kupatikana kwa waliokuwa wamenyimwa, ilirudishwa kwenye sahani na trei.

Tangu mwanzo wa karne hii suti imebana tena. Hedi Slimane, aliyebuni nguo za wanaume za Dior kati ya mwaka 2000 na 2007, alieneza koti fupi lenye mabega finyu na suruali iliyoshika mguu, na mtindo huo ukaenea kwa nguo za viwandani za bei nafuu hadi kwa maofisa vijana wa serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka 2013. Suruali modo ni jina lake katika Kiswahili cha vijana. Kanzu nayo haikusalimika. Kanzu ya Kisaudia, yenye ukosi wa shati, mikono ya vifungo na kifua kilichokatwa kwa kufuata mwili, imepata wapenzi wengi. Ile ya Kiomani, isiyo na ukosi na yenye shada shingoni, imebaki karibu na mkato wa zamani. Kwa mara ya kwanza mtu aweza kusema kwa haki kwamba kanzu inambana. Na juu ya kanzu ya namna hiyo koti jembamba hukaa vizuri, kwa sababu kikwapa kimeondolewa na mkono umekuwa wa shati. Vazi la pamoja halikuvunjika. Vipande vyake viwili vimesogeleana. Nchi za Magharibi zimekwisha kurudia suruali pana na mabega yaliyolegea katika miaka ya 2020, na hapana shaka marobota yatayaleta hayo kwa wakati wake.

Mwaka 2023 Rais William Ruto aliivaa Kaunda suti mara kwa mara, na wengi wakaifuata, ikiwa imekatwa kwa kubana kuliko ya walimu wa zamani. Mwezi Novemba mwaka huo Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, akaikataza ndani ya ukumbi, pamoja na mavazi ya jadi ya Kiafrika. Vazi la mbunge mwanamume likabaki koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Ng'ambo ya mpaka, Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania zimeorodhesha suti ya Kimagharibi, suti ya Kiafrika au safari, na pia kanzu, koti na baraghashia. Mzee wa Jego aliyevalia arusi ya mwanawe, akivuka Lunga Lunga kwenda kwa wakwe zake Tanga, hupita kutoka nchi ambayo vazi lake halimo katika orodha hiyo hadi nchi ambayo vazi lake limetajwa kwa majina ya vipande vyake. Na koti alilolivaa, kwa kadiri kubwa ya uwezekano, liliwahi kukaa mabegani mwa karani wa Hamburg au Manchester, kisha fundi akalifupisha mikono.